Maswali ya Wasomaji: Pacha wa Kidijitali na Mabomba ya Maji ya Mji

Barua zilizotufikia kuhusu pacha wa kidijitali wa mitandao ya maji, yaani nakala ya mtandao iliyo ndani ya kompyuta na kufuata hali ya mtandao wenyewe, zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua saba, tukazifupisha pale ilipolazimu, na kuzijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa swali.

Swali: Ndugu Mhariri, nimechora ramani za mabomba kwa miaka mingi. Siku hizi kila muuzaji wa programu anayebisha hodi ofisini husema anachouza ni pacha wa kidijitali. Ramani zetu zimo kwenye kompyuta tangu zamani, na kielelezo cha hidroliki tunacho. Je, si tayari tunaye pacha? — Mchora ramani

Jibu: Bado hamnaye, ingawa mmekaribia zaidi ya mnavyodhani. Ramani hueleza bomba liko wapi, lina kipenyo gani na lilifukiwa lini. Kielelezo cha hidroliki huongeza hesabu juu ya ramani hiyo: kikishapewa kimo cha kila kiungo (mahali mabomba yanapokutana), urefu, kipenyo na mkwaruzo wa kila bomba (jinsi ukuta wake wa ndani unavyozuia maji), hali ya valvu na pampu, pamoja na makisio ya matumizi, hukokotoa msukumo na mtiririko unaotarajiwa. Hesabu yenyewe si ngeni. Mwaka 1936 Hardy Cross, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha njia ya kusawazisha mtiririko katika mabomba yaliyounganishwa kwa vitanzi, na kwa muda mrefu wahandisi waliifanya kwa penseli na karatasi. Mwaka 1993 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani likatoa EPANET, programu ya bure ambayo hadi leo ndiyo injini iliyojificha ndani ya bidhaa kadhaa zinazouzwa kwa majina ya fahari.

Kinachomfanya pacha awe pacha ni kufungamana kwake na mtandao ulio hai. Wazo hilo lilielezwa na mtaalamu Michael Grieves mwaka 2002 akizungumzia bidhaa za viwandani, na jina likashika baada ya John Vickers wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, kulitumia mwaka 2010. Katika huduma ya maji, maana yake ni kwamba vipimo vya msukumo, mtiririko na kina cha matenki huingia katika kielelezo kila baada ya muda mfupi, mara nyingi dakika 5 hadi 15. Kwamba kielelezo huanza hesabu yake kutoka hali ya saa hii, si kutoka siku ya wastani iliyokisiwa miaka mitano iliyopita. Na kwamba matokeo humrudia mwendeshaji yakiwa na uamuzi ndani yake, kama vile pampu ipi izimwe au valvu ipi ipunguzwe. Ikiwa valvu iliyofungwa jana na mafundi bado inaonekana wazi kwenye kompyuta leo, hicho ni kielelezo tu, hata kikipambwa kwa picha za pande tatu.

Muuzaji ajaye muulize hivi: kielelezo kinapotofautiana na kipimo, mfumo wenu hufanya nini? Asiye na jibu anakuuzia ramani yenye rangi.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, tumefunga vihisi vya msukumo katika sehemu 12. Saba zinakubaliana na kielelezo, lakini tano zinakataa kwa mita 4 hadi 9 za msukumo (kimo cha nguzo ya maji). Mkuu wangu anataka nibadilishe mkwaruzo wa mabomba mpaka namba zilingane ili mradi ukabidhiwe. Nafsi yangu inasita. — Mhandisi kijana

Jibu: Nafsi yako ina haki ya kusita, mwanangu. Sehemu hizo tano ndizo zilizoleta habari. Zile saba zimethibitisha tu ulichokuwa ukikijua. Ukizinyamazisha kwa kuchezea mkwaruzo utakuwa umelipia vihisi kisha ukaviziba mdomo.

Anza na usiku wa manane, kati ya saa 8 na saa 10, watu wengi wanapokuwa wamelala. Katika fomula ya Hazen-Williams, upotevu wa msukumo kwa msuguano hufuata mtiririko uliopandishwa kwa kipeo cha 1.852, kwa hiyo mtiririko ukiongezeka mara mbili upotevu huongezeka takriban mara 3.6, na ukishuka hadi robo upotevu hushuka hadi chini ya asilimia 8. Ndiyo kusema kwamba usiku msuguano karibu haupo, na kihisi hupima kwa sehemu kubwa tofauti ya kimo kati ya uso wa maji ya tenki na mahali kilipofungwa. Kama mita 4 za tofauti zinabaki vilevile usiku na mchana, usiguse mkwaruzo hata kidogo: kimo kimeandikwa vibaya, au kihisi chenyewe kimepotoka. Nimewahi kuona kihisi kilichopewa kimo cha uso wa barabara ilhali kimekaa ndani ya shimo la valvu, mita 2 chini, na watu wakatafuta chanzo cha mita hizo 2 kwa majuma kadhaa.

Tofauti inayotoweka usiku na kurudi saa za matumizi makubwa ni ya jamii nyingine, kwa kuwa hiyo hutokana na mtiririko. Huenda kipenyo kimekosewa kwenye ramani, matumizi yamepangiwa viungo visivyo vyake, kutu imelibana bomba la chuma kwa ndani, au kuna valvu iliyofungwa ambayo kila mtu anaamini iko wazi. Hii ya mwisho ni ya kawaida kuliko mtu asiyefanya kazi hii anavyoweza kuamini. Mafundi huifunga ili kutengeneza bomba, giza linaingia, gari linaitwa kwingine, na maji yanaendelea kuwafikia watu kwa njia ya kuzunguka, kwa hiyo hakuna anayelalamika hadi siku ya moto mkubwa.

Kisha tazama ukubwa wa marekebisho unayolazimika kufanya. Kigezo cha mkwaruzo cha Hazen-Williams, ambacho huwa kikubwa kadiri bomba linavyokuwa laini ndani, huwa karibu 150 kwa bomba jipya la plastiki, na chuma kilichozeeka hushuka chini ya 100. Ukiona kwamba mtaa mzima haulingani mpaka ukipe kigezo hicho 30, fahamu kwamba hesabu inakudokeza kuhusu valvu iliyozibwa nusu. Ukiiandika 30 hiyo, namba zitalingana leo, lakini siku valvu itakapofunguliwa kielelezo kitakudanganya kwa uhodari uleule. Mwambie mkuu wako, kwa adabu, kwamba kabla ya kukabidhi mradi mnahitaji usiku mmoja wa kufungua bomba la zimamoto mtaani hapo ili kuongeza mtiririko kwa makusudi, huku vihisi vikirekodi. Msukumo ukiporomoka ghafla kati ya vihisi viwili, mmepata kipande cha kupeleka mafundi. Gharama yake ni mafuta ya gari na usingizi wa watu watatu.

Swali: Je, ni kweli kwamba pacha huonyesha bomba linalovuja chini ya ardhi bila kuchimba? — Msomaji

Jibu: Huonyesha eneo la kutafuta. Mahali pa kupiga sururu huonyeshwa na mtu mwenye kifaa cha kusikilizia, na sioni dalili kwamba mtu huyo ataondoka hivi karibuni.

Ukubwa wa tatizo unafaa utajwe kwanza. Mwaka 2018 wataalamu Roland Liemberger na Alan Wyatt walikadiria kwamba maji yanayozalishwa duniani bila kuingiza mapato ni mita za ujazo bilioni 126 kwa mwaka, yenye thamani ya dola za Marekani bilioni 39. Kiasi hicho hakijumuishi mivujo peke yake, bali pia wizi, dira za maji zinazosoma pungufu na maji yanayotolewa bila malipo, na kosa la kwanza la miradi mingi ni kuwinda yote kwa silaha moja.

Kwa mivujo, kazi huanza kwa kuugawa mji katika kanda, kwa kawaida za wateja 500 hadi 3,000 kila moja, zenye dira kwenye mlango wa kuingilia maji. Saa zile za usiku nilizozitaja, matumizi ya halali huwa madogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachopita mlangoni ni mvujo. Pacha huongeza hatua ya pili. Kila mvujo hushusha msukumo wa jirani kwa namna yake, mkali hapa na hafifu kule, kutegemea mabomba yanavyoungana. Kompyuta hujaribu mvujo wa kubuni katika kila kiungo, huhesabu alama ambayo ungeiacha kwenye vihisi vyote, kisha hulinganisha na alama iliyoonekana kweli. Viungo vinavyofanana zaidi huunda eneo la kutafuta, pengine mitaa mitatu badala ya kanda nzima. Katika shindano la kimataifa la mwaka 2020 lililoitwa BattLeDIM, watafiti walipewa data ya mwaka mmoja ya mji wa kubuni wenye vihisi 33 vya msukumo na mivujo 23 iliyofichwa, mingine ikianza ghafla na mingine ikikua polepole. Hii inayokua polepole ndiyo inayosumbua, kwa sababu kanuni ya kompyuta inayojifunza kutoka data yenyewe huuzoea mvujo na kuuhesabu kuwa hali ya kawaida.

Na huo wa polepole ndio unaokula. Bomba kubwa likipasuka na kumwaga lita 10 kwa sekunde, barabara hujaa maji, simu hulia, na baada ya saa 6 limezibwa: zimepotea mita za ujazo 216. Mvujo wa lita 0.2 kwa sekunde ambao haujitokezi juu ya ardhi, ukiachwa mwaka mzima, hupoteza zaidi ya mita za ujazo 6,300. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mabomba, haba na haba hukausha tenki.

Wakati mafundi wakiendelea kutafuta, pacha ana faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa kuliko kutafuta kwenyewe. Mvujo hutegemea msukumo. Kwa mtandao wenye mabomba ya aina mbalimbali, upungufu wa mvujo mara nyingi hukaribia kulingana na upungufu wa msukumo, kwa hiyo kushusha msukumo kutoka mita 60 hadi 45 hupunguza mvujo kwa takriban asilimia 25. Kwa plastiki, ambayo nyufa zake hupanuka msukumo unapopanda, upungufu unaweza kukaribia asilimia 35. Swali la kila usiku ni kwamba unaweza kushusha kiasi gani bila mteja wa mlimani kukosa maji, na hilo huwezi kulijibu kwa kubahatisha. Pacha hulijibu kabla valvu haijaguswa.

Swali: Ndugu Mhariri, mifano yote ninayosoma ni ya miji yenye maji saa 24. Sisi tunaendesha kwa mgao. Je, pacha anatufaa? — Mwendeshaji wa mtandao

Jibu: Anafaa, ila si yule anayeelezwa kwenye vipeperushi. Vielelezo vingi vilijengwa juu ya dhana mbili: kwamba bomba limejaa maji wakati wote, na kwamba mteja hupata anachohitaji hata msukumo ukiwa mdogo. Mgao huzivunja zote mbili. Maji yanapofunguliwa, saa za mwanzo hutumika kujaza mabomba na kusukuma hewa nje, na hewa hiyo ikipita kwenye dira huweza kuizungusha na kumtoza mtu pumzi. Isitoshe, wateja hawachoti kwa kufuata saa za kupika na kuoga, bali kwa kufuata saa ya maji kuja, kwa kuwa kila mwenye tenki hulijaza. Kwa hiyo ile kanuni ya mtiririko wa usiku, niliyoisifu hapo juu, kwenu inaweza kupotosha kabisa: mkifungua maji usiku, kinachopita mlangoni ni matenki yanayojazwa.

EPANET 2.2, iliyotoka mwaka 2020, iliongeza uwezo wa kuhesabu matumizi yanayotegemea msukumo, na hiyo inaondoa dhana ya pili. Ya kwanza, yaani ujazaji wa mabomba matupu, bado huhitaji programu za aina nyingine. Ningewashauri msianze na swali gumu la kuiga kila saa. Anzeni na usawa wa mgao: wekeni vihisi mwanzoni na mwishoni mwa kila kanda, mpime maji huchukua muda gani kufika mwisho na hubaki huko muda gani, kisha mtumie kielelezo kujaribu ratiba tofauti. Huenda mkagundua kwamba kanda iliyoandikiwa saa 8 za maji hupata 3 kule mwisho wa bomba.

Jambo jingine ambalo mgao hulizidisha ni kishindo cha maji. Mtiririko wa mita 1 kwa sekunde ukisimamishwa ghafla katika bomba la chuma unaweza kuzalisha wimbi la msukumo la kiasi cha mita 100. Kihisi kinachosoma kila baada ya dakika 15 hakitaliona kamwe. Mtaona tu kwamba bomba lilelile hupasuka kila mwezi. Katika njia kuu panafaa pawe na angalau kihisi kimoja kinachosoma mara nyingi kwa sekunde.

Swali: Pacha anaweza kujua ubora wa maji? — Mwalimu wa sayansi

Jibu: Kwa sehemu. Mwalimu, anachokijua vizuri ni umri wa maji, yaani muda ambao maji yamekaa njiani tangu yatoke kwenye mtambo, na njia yaliyopitia. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa, kwa kuliwa na yaliyomo majini na kuta za bomba, na kasi ya upungufu huo hupimwa maabara kisha kuingizwa kwenye hesabu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau miligramu 0.2 za klorini huru kwa lita mahali mteja anapochotea, na kielelezo huweza kuonyesha ni ncha zipi za mtandao zitakazoshuka chini ya hapo. Mara nyingi kosa ni la tenki kubwa mno ambalo maji yake hayabadilishwi. Hata hivyo kielelezo hakioni vijidudu. Mchukua sampuli aendelee na njia yake, ila sasa pacha anaweza kumwelekeza kwenye kona ambazo hakuwa akizifikia.

Swali: Je, si hatari kuweka mtandao wote wa maji ya mji kwenye intaneti? — Mkazi mwenye wasiwasi

Jibu: Ni hatari, na hakuna ulazima wa kufanya hivyo. Pacha anahitaji kusoma vipimo; hahitaji mkono wa kufungua valvu. Panapowezekana, data itoke kwenye mfumo wa udhibiti kwa njia ya upande mmoja, na amri ibaki kwa mwendeshaji aliyeko chumbani mwake. Kuna siri ndogo ambayo watu huisahau: dira inayotuma usomaji kila saa hueleza ni lini nyumba haina mtu. Kwa kazi ya pacha, jumla ya kiungo au mtaa hutosha, na majina ya wateja hayana kazi humo.

Swali: Mhariri, tunaye fundi mmoja, mzee wetu, ambaye anazijua valvu zote kwa kichwa. Akisikiliza bomba anakwambia tatizo liko wapi, na kwa kawaida amesema kweli. Vijana wanamwona kikwazo cha mradi wa pacha kwa sababu hataki kugusa kompyuta. Unatushauri nini? — Msimamizi wa matengenezo

Jibu: Mzee huyo si kikwazo. Pacha wenu yumo kichwani mwake, na kazi iliyobaki ni kumtoa humo kabla hajastaafu. Msimlazimishe kukaa mbele ya kioo cha kompyuta. Kijana mmoja afuatane naye kazini mitaani kwa miezi michache akiwa na simu yenye ramani, na kila shimo la valvu linalofunguliwa lirekodiwe papo hapo, kwa picha na mahali lilipo.

Huduma ya maji ya Valencia, Hispania, ina pacha anayesimamia mtandao wa watu wapatao milioni 1.6, na wahandisi wake wameeleza waziwazi kwamba pacha wa namna hiyo hubaki na manufaa kwa sharti la kusasishwa bila kukoma. Kusasisha huko hakufanywi na programu. Hufanywa na fundi anayerudi saa 1 jioni akiwa na tope hadi magotini, na kama fomu yake ina maswali 20 hataijaza. Mpeni maswali manne: valvu ipi, imeachwa wazi au imefungwa, ilichukua mizunguko mingapi, na hufungia upande gani.

Hilo la mwisho msilidharau. Baadhi ya valvu hufunga kwa kuzungushwa kinyume na zilizo nyingi, na kijana asiyejua huamini ameifungua, kumbe ameikaza. Mzee wenu anazijua zote za namna hiyo, na bila shaka hakuna ramani yenu hata moja iliyoziandika.